Suria, Mke au Rehani? Maisha ya Dara Rasmi katika Kasri ya Siam

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita, katika darasa la tafsiri, mwanafunzi wangu mmoja aliandika ya kwamba Mfalme Chulalongkorn wa Siam "alikuwa na masuria zaidi ya 150". Sentensi ilikuwa sahihi kisarufi, upatanisho wa ngeli haukuwa na kasoro, nami niliipitisha nikaendelea na ukurasa uliofuata. Usiku ule, nikisoma habari za mmojawapo wa wanawake hao, nilitambua kwamba mimi na mwanafunzi tulikuwa tumekosea pamoja. Yeye alikuwa na udhuru, kwani kamusi ndiyo iliyompa neno. Mimi sikuwa nao.

Makala haya yanakusudia kulichunguza kosa hilo kwa njia ya kihistoria. Hatutajadili ufasiri kwa jumla, bali tutafuata maisha ya mwanamke mmoja, Dara Rasmi wa Chiang Mai, aliyezaliwa mwaka 1873 na kufa mwaka 1933, kisha tutauliza kama neno suria laweza kuyabeba maisha hayo. Maoni yetu ni kwamba haliwezi, na kwamba kushindwa kwake si jambo la msamiati tu. Neno lisilofaa huficha jinsi dola inavyotwaa nchi bila ya kupiga risasi, na huficha pia jinsi mtu aliyetwaliwa anavyoweza kuhifadhi lugha yake.

2. Neno na Uzito Wake

Neno suria lilitufikia kutoka Kiarabu, nalo halikuja peke yake. Lilikuja na sheria yake. Katika pwani yetu suria alikuwa mwanamke mtumwa aliyewekwa na bwana wake. Mtoto aliyemzalia bwana, na bwana akamkiri, alikuwa muungwana, akirithi pamoja na watoto wa mke wa ndoa. Mama mwenyewe, akiisha kuzaa, hakufaa kuuzwa tena, na bwana alipofariki alikuwa huru. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya Sayyid Said huko Unguja. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na mama wa Kicherkesi aliyekuwa suria, aliyaeleza maisha hayo katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886.

Kwa hiyo mtu asemapo suria kwa Kiswahili, hata kama hakukusudia, amekwisha kusema mambo matatu: kwamba mwanamke huyu ni mtumwa, kwamba alipatikana kwa kununuliwa au kutekwa, na kwamba uhuru wake umo katika kuzaa. Tunayakumbuka mambo hayo matatu kwa sababu tutayarudia mwishoni.

Katika mwaka huohuo wa 1886, Salme alipokuwa akijieleza mwenyewe kwa kalamu yake, binti wa miaka 13 hivi alitoka Chiang Mai, katika milima ya kaskazini, akashuka kwenda Bangkok kuingia katika kasri ya mfalme. Huyu hakutuachia kitabu cha maisha yake. Habari zake twazipata katika nyaraka za serikali, katika barua, katika picha, na katika masimulizi ya watu wa nyumbani kwake. Hapana budi basi kuzisoma habari hizo kwa uangalifu zaidi.

3. Binti wa Chiang Mai

Chiang Mai ulijengwa mwaka 1296 kuwa mji mkuu wa Lanna, dola iliyokuwa na maandishi yake, wafalme wake na mila zake. Mwaka 1558 ulishikwa na Waburma, ukakaa chini yao kwa muda wa karne mbili. Mwishoni mwa karne ya 18 watawala wake waliungana na Siam kuwaondoa Waburma, na tangu hapo wakawa chini ya himaya ya Bangkok. Walipeleka kodi ya heshima, ikiwamo miti iliyofuliwa kwa dhahabu na fedha, lakini nyumbani walijitawala: walitoza ushuru wao, wakahukumu kwa sheria zao na kuandika kwa hati zao.

Baba yake Dara Rasmi, Inthawichayanon, alikuwa mtawala wa Chiang Mai hadi alipofariki mwaka 1897. Mlima ulio mrefu kuliko yote nchini Thailand, Doi Inthanon, wenye urefu wa mita 2,565, umepewa jina kwa kumkumbuka. Mama yake, Thip Keson, alikuwa binti wa mtawala aliyetangulia, naye alisifika kwa kuwa na sauti kubwa katika mambo ya utawala kuliko mumewe. Yafaa jambo hili likazwe. Dara Rasmi hakutoka katika jamii ambamo mwanamke hakuwa na neno. Alimwona mama yake akiendesha nchi. Mama huyo alifariki mwaka 1884, miaka miwili kabla ya binti kuondoka.

Kilichobadilisha uhusiano wa Chiang Mai na Bangkok ni miti ya msaji. Makampuni ya Kiingereza yaliyokuwa Burma yalivuka mpaka kukata magogo katika misitu ya Lanna, na ugomvi juu ya vibali ukawa mwingi. Siam na serikali ya Kiingereza ya Uhindi zikafanya mkataba juu ya Chiang Mai mwaka 1874, na Uingereza na Siam zikafanya mwingine mwaka 1883. Kila mkataba uliipa Bangkok sababu ya kutuma maofisa wake kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 1885 majeshi ya Kiingereza yaliingia Mandalay, na tarehe 1 Januari 1886 Burma ya Juu ikatangazwa kuwa milki ya Malkia Victoria. Waingereza sasa walikuwa majirani wa Lanna.

Hata kabla ya hapo ulikuwa umekwisha kuenea uvumi kwamba Malkia Victoria alitaka kumfanya Dara Rasmi kuwa mtoto wake wa kulea. Iwapo uvumi huo ulikuwa na msingi au la, matokeo yake yalikuwa ya kweli. Mwaka 1883 Chulalongkorn alimpelekea msichana huyo zawadi za pete na vipuli vya almasi, na maana yake ilieleweka na wote. Binti wa mtawala alikuwa amewekewa alama. Mwaka 1886 baba yake alimchukua hadi Bangkok, akamwacha huko.

Msomaji wa Kiswahili ana neno kwa kitendo cha namna hii, nalo ni rehani. Mtu huweka rehani kitu chenye thamani ili aaminiwe. Kitu hicho hubaki chake kwa jina, lakini hakimo mkononi mwake. Inthawichayanon aliweka binti, akapata kuaminiwa na Bangkok. Bangkok nayo ilipata dhamana kwamba Chiang Mai haungegeuka kuwaelekea Waingereza.

4. Upande wa Ndani

Kasri Kuu ya Bangkok ilianzishwa mwaka 1782. Iligawanywa katika sehemu tatu: ya nje, iliyokuwa na ofisi, ya kati, yenye kumbi za enzi, na ya ndani, iliyoitwa kwa Kithai fai nai, yaani "upande wa ndani". Wasomaji wanaozijua nyumba za mawe za Lamu, ambazo chumba chake cha faragha huitwa ndani, hawatashangazwa na jina hili. Lakini ndani ya Bangkok ilikuwa mji mzima. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 hukadiriwa kwamba waliishi humo wanawake na watoto wapatao 3,000. Mwanamume mzima wa pekee aliyeishi humo alikuwa mfalme. Wanawe wa kiume walikaa na mama zao hadi waliponyolewa shungi kwa sherehe, wakikaribia kubaleghe, kisha wakatolewa nje.

Mji huo uliendeshwa na wanawake. Walikuwako walinzi wa kike waliosimama milangoni, waamuzi wa kike waliosikiliza kesi, wasimamizi wa ghala, walimu, wapishi, washonaji, wapiga ala na wachezaji ngoma. Walikuwako watumishi, na hadi utumwa ulipokwisha walikuwako pia watumwa. Chulalongkorn alianza kuuondoa utumwa kwa hatua mwaka 1874, akaukomesha kabisa kwa sheria ya mwaka 1905.

Juu ya wote hao walikuwa wake za mfalme, nao walipangwa kwa madaraja. Malkia walikuwa mabinti wa kifalme. Wawili waliokuwa wakuu katika enzi ya Chulalongkorn, Saovabha na Savang Vadhana, walikuwa dada zake kwa baba. Chini yao walikuwako wanawake walioitwa chao chom. Wengi wa hao walikuwa mabinti wa wakuu wa serikali na wa jamaa zenye nguvu, kwa mfano jamaa ya Bunnag. Waliletwa na wazazi wao wenyewe kama zawadi kwa mfalme. Chao chom aliyezaa aliongezewa neno manda, yaani mama, akawa chao chom manda. Chulalongkorn alikuwa na watoto 77, lakini mama zao walikuwa 36 tu. Wanawake wengi wa ndani, basi, hawakumzalia mfalme hata mtoto mmoja, na huenda baadhi yao walimwona mara chache tu.

Kwa nini waletwe wengi kiasi hicho? Jibu limo katika utawala. Kabla ya kuwako wizara zenye maofisa wa kulipwa mshahara, mfalme alizifunga jamaa kubwa kwake kwa njia ya mabinti zao. Baba aliyekuwa na binti ndani alikuwa na mtu wa kumsemea, na mfalme aliyekuwa na binti wa waziri alikuwa na dhamana ya uaminifu wake. Kila mwanamke alikuwa kama fundo katika wavu. Wageni waliotembelea Bangkok hawakuuona wavu huo. Anna Leonowens, mwalimu wa Kiingereza aliyefundisha katika kasri tangu mwaka 1862 hadi 1867, wakati wa Mfalme Mongkut, alitunga vitabu viwili vilivyotoka katika miaka ya 1870, navyo vikawajaza wasomaji wa Ulaya na Marekani picha za minyororo na machozi. Wanahistoria wameonyesha makosa mengi katika maelezo yake. Mongkut huyohuyo aliwahi kutangaza kwamba wanawake wa ndani wasiomzalia mtoto waweza kuomba ruhusa ya kutoka na kuolewa. Waliokwisha kuzaa hawakuwa na haki hiyo ya kuolewa tena.

Hapa tayari tofauti moja na suria wa pwani yetu inajitokeza. Kwa suria, kuzaa kulikuwa mlango wa kutokea utumwani. Kwa chao chom, kuzaa kulikuwa mlango wa kufungiwa ndani kwa heshima. Maneno mawili yaliyofasiriwa kwa neno moja yanaelekea pande zinazopingana.

5. Nywele, Nguo na Lugha

Dara Rasmi aliingia ndani kama chao chom. Binti wa mtawala wa nchi, ambaye nyumbani watu wote walimwinamia, aliwekwa daraja moja na mabinti wa mawaziri. Kwa macho ya Bangkok Chiang Mai haukuwa ufalme uliolingana na Siam, na cheo cha binti kilikuwa ndicho kipimo cha cheo cha nchi yake.

Watu wa Bangkok waliwaita watu wa kaskazini "Walao", na neno hilo lilisemwa kwa dharau. Wanawake wa Siam wa wakati ule walikata nywele fupi na kuvaa kitambaa walichokipitisha katikati ya miguu na kukichomeka nyuma, kama ambavyo sisi tungesema kupiga ubinda. Wanawake wa Lanna walifuga nywele ndefu wakazifunga fundo kichwani, na walivaa pha sin, nguo iliyoshonwa mviringo mpaka miguuni, yenye mistari ya kulala. Walitafuna majani ya chai yaliyovundikwa, na walikula wali wa kunata kwa mkono. Husimuliwa kwamba wanawake wa kasri waliwacheka Walanna na kuziba pua wakidai kwamba wananuka samaki wa kuvundikwa. Husimuliwa pia visa vibaya zaidi, vya kutupiwa uchafu.

Njia ya salama ilikuwa wazi: kukata nywele, kubadili nguo, na kusema kama Bangkok. Dara Rasmi hakuifuata. Kwa miaka zaidi ya ishirini yeye na wanawake waliotoka naye Chiang Mai walibaki na nywele ndefu na pha sin, na katika makao yao walizungumza lugha yao. Ziko picha zinazomwonyesha mbele ya kioo, nywele zake zimeachwa huru, zimeteremka mgongoni na kupita kiuno. Mtu asiyejua historia huona uzuri tu katika picha hizo. Mtu aijuaye huona kwamba katika kasri yenye maelfu ya vichwa vilivyokatwa, nywele hizo zilikuwa hoja.

Ama kuhusu lugha, yafaa tueleze kidogo, kwa kuwa jambo hili latuhusu sisi wanaisimu. Lugha ya Lanna huitwa kham mueang, yaani "maneno ya mji". Ni ndugu ya Kithai cha Bangkok, nazo zote mbili ni za jamii ya lugha za Kitai. Zina tofauti za toni na za sauti, na baadhi ya tofauti hizo zina utaratibu: penye r katika Kithai mara nyingi pana h katika kham mueang. Kupenda ni rak kwa Kithai na hak kwa lugha ya kaskazini. Nyumba ni ruean huku na huean kule. Tofauti ni ya aina ileile tunayoijua kati ya njia ya Kiunguja na ndia ya Kimvita, au macho na mato. Kila mzungumzaji wa lahaja anajua kwamba tofauti ndogo kama hizo ndizo zinazochekwa zaidi. Lugha ya mbali huheshimiwa kwa kutoeleweka, lakini lahaja ya jirani huitwa Kithai kibovu, kama vile Kimvita kilivyowahi kuitwa Kiswahili kibovu na watu waliosahau utenzi na shairi vilikotungwa.

Hata hivyo tusidhani kwamba Dara Rasmi alijifungia katika ukaskazini wake. Alijifunza muziki wa Siam akaumudu, akaunda kikundi cha wapiga ala katika makao yake, na tuni za kaskazini zikaanza kusikika Bangkok kwa mikono yake. Alishirikiana pia na mwanamfalme Narathip, mtunzi wa tamthilia, aliyeandika michezo yenye mandhari ya kaskazini. Mmojawapo, Sao Khrua Fa, una historia inayostahili kutajwa. Mwaka 1907, katika safari yake ya Ulaya, Chulalongkorn aliitazama mjini Paris opera ya Puccini, Madama Butterfly, inayosimulia habari za mwanamke wa Kijapani aliyeachwa na ofisa wa Kimarekani. Narathip aliigeuza hadithi hiyo: mwanamke akawa msichana wa Chiang Mai, na mwanamume akawa askari kutoka Bangkok. Msichana anaachwa, naye anajiua.

Watu wa Bangkok waliutazama mchezo huo wakalia. Lakini tukiutazama kwa jicho la historia twaona jambo lililosemwa wazi jukwaani ambalo halikusemwa barazani: kwamba uhusiano wa Bangkok na Chiang Mai ulikuwa kama uhusiano wa mgeni mwenye nguvu na mwanamke aliyemwamini. Kwamba jambo hilo lilisemwa na mwanamfalme wa Siam mwenyewe ni ushahidi kuwa halikuwa siri.

6. Mtoto, Cheo na Safari

Mwaka 1889 Dara Rasmi alijifungua binti, Vimolnaka Nabisi, akawa chao chom manda. Mtoto huyo alikuwa zaidi ya mtoto. Alikuwa damu ya Bangkok na damu ya Chiang Mai katika mwili mmoja, jambo ambalo mikataba haikuweza kulifanya. Mwaka 1892 alikufa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Husimuliwa kwamba mama, kwa uchungu, aliziharibu picha zake akiwa na mwanawe. Hakuzaa tena.

Mwanamke aliyekuwa rehani amepoteza kile ambacho kingemfanya kuwa mzazi wa ukoo wa kifalme, na bado hawezi kwenda kwao. Mwaka 1897 baba yake alifariki naye yu Bangkok. Miaka miwili baadaye, mwaka 1899, Bangkok iliipanga upya kaskazini kuwa jimbo chini ya kamishna wake. Watawala wa Chiang Mai walibakiwa na majina, heshima na posho. Amri ikahamia kwa maofisa. Rehani, tungesema, ilikuwa imeliwa pamoja na shamba. Na yeye alikuwa wapi? Alikuwa ndani, akifunga nywele zake kwa namna ya nchi iliyokuwa ikifutwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1909 aliruhusiwa kwenda kuwazuru jamaa zake. Ilikuwa imepita miaka 22 na zaidi. Wakati huohuo mfalme alimpandisha cheo kuwa Phra Racha Chaya, cheo kilichomwingiza katika daraja la wake wa hadhi ya kifalme, na ambacho hakikuwahi kupewa mwanamke mwingine kabla yake. Husimuliwa kwamba siku ya kuagana alifungua nywele zake akaipangusa kwazo miguu ya mfalme. Wako wasomao tendo hilo kuwa unyenyekevu wa mwisho. Sisi hatukatai, ila twaongeza kwamba katika kasri ile ni yeye na watu wake tu waliokuwa na nywele za kufanyia tendo hilo. Alinyenyekea kwa lugha yake.

Reli ilikuwa bado haijafika Chiang Mai, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya mashua, zikipanda mto Ping kwa wiki nyingi. Alipofika alifanya jambo moja ambalo lingali linaonekana hadi leo. Aliyakusanya majivu ya wazee wake watawala, yaliyokuwa yametawanyika, akayajengea makaburi ya pamoja katika hekalu la Wat Suan Dok. Nchi ilikuwa imepoteza utawala wake; yeye aliipa mahali pa kuukumbukia.

7. Kurudi

Alirudi Bangkok mwaka huohuo wa 1909. Tarehe 23 Oktoba 1910 Chulalongkorn alifariki. Mwaka 1914 Dara Rasmi aliomba ruhusa kwa mfalme mpya, Vajiravudh, arejee kwao, naye akaruhusiwa. Alikuwa na umri wa miaka 40 na zaidi kidogo.

Huko Chiang Mai aliishi karibu miaka ishirini tena, na kwa maoni yetu miaka hiyo ndiyo inayoeleza maana ya ile iliyotangulia. Alifadhili ufumaji wa nguo za kaskazini na kuyafundisha mabinti machezo ya ngoma ya Lanna, akiyachanganya na maarifa ya jukwaa aliyoyapata Bangkok. Mfalme Prajadhipok alipozuru kaskazini mapema mwaka 1927, ngoma hizo zilikuwa sehemu ya mapokezi. Huko Mae Rim alijenga nyumba na kufungua shamba la kujaribia mazao, na waridi kubwa la rangi ya pinki alilolipenda alilipa jina la Chulalongkorn. Nyumba hiyo leo ni jumba la makumbusho.

Wakati huohuo shule za serikali zilienea, na kwa sheria ya elimu ya mwaka 1921 watoto wa kaskazini walilazimika kusoma kwa Kithai cha Bangkok. Hati za Lanna, zilizoandikwa katika majani ya mtende na kutunzwa mahekaluni, zikaanza kupungukiwa na wasomaji. Wakati huo pia, kwa kinyume cha kushangaza, wanawake wa Bangkok walianza kufuga nywele na kuvaa pha sin, kwa kuwa Vajiravudh alilipendelea vazi hilo. Nguo iliyochekwa mwaka 1886 ikawa fasheni ya mji mkuu; lugha iliyochekwa pamoja nayo haikupata bahati hiyo. Dola hupenda kuazima vazi la watu walioshindwa. Lugha yao ni shida zaidi kuiazima, kwani nguo huvaliwa bila ya kumsikiliza mwenyewe.

Dara Rasmi alifariki tarehe 9 Desemba 1933. Mwaka mmoja uliotangulia, mapinduzi ya 1932 yalikuwa yamekwisha kuondoa utawala wa mfalme usio na mpaka. Mwaka 1935 sheria ya nchi ikatambua ndoa ya mke mmoja tu. Ulimwengu wa upande wa ndani ulikuwa umepita.

8. Tumwiteje?

Turudi sasa katika yale mambo matatu yaliyomo katika neno suria. Dara Rasmi hakuwa mtumwa. Hakununuliwa wala hakutekwa vitani. Na kuzaa hakukumpa uhuru. Katika yote matatu neno limeshindwa. Zaidi ya hayo, ndani ya kasri ileile, mpaka mwaka 1905, walikuwako wanawake waliokuwa watumwa kweli. Tukimwita bibi mkubwa suria, neno gani litatubakia la kuwaelezea hao waliomchotea maji?

Mwenzangu mmoja, nilipomsimulia hoja hii, alinipinga kwa jambo la haki. Alisema kwamba neno suria, pamoja na kasoro zake, halidanganyi juu ya kulazimishwa. Na kwamba tukilitupa na kuweka mke, tutakuwa tumeipamba kasri. Binti wa miaka 13 hakuulizwa. Pingamizi hili lina nguvu, nami nalikubali nusu. Kweli mke halitoshi: kwetu mke ana ndoa yenye mahari na mashahidi, na ana jamaa wanaoweza kumdai arudi kwao akionewa. Dara Rasmi alikuwa na jamaa, lakini jamaa hao ndio waliomtoa, na kwa miaka 22 hawakuweza kumdai.

Hapa ndipo neno rehani linapotusaidia, kwa sababu linataja kulazimishwa bila ya kusema uongo juu ya utumwa, nalo linamwonyesha anayetoa na anayepokea kwa pamoja. Lakini nalo lina mpaka wake. Kitu kilichowekwa rehani hukaa kimya sandukuni. Huyu hakukaa kimya. Alisema kham mueang mbele ya watu waliomcheka, akaingiza tuni za kwao katika muziki wa mji mkuu, akarudi na kuwajengea wazee wake. Rehani laeleza jinsi alivyoingia. Halielezi jinsi alivyoishi.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa wafasiri na walimu ni dogo na la kutendeka. Vyeo vya namna hii na viachwe kwa lugha yake, chao chom, chao chom manda, na vifafanuliwe mara ya kwanza vitajwapo, kama tunavyotaka wageni wafanye kwa mwinyi na jumbe. Neno suria na libaki kwa wanawake wa pwani yetu na wa kwingineko waliokuwa chini ya sheria ile, ili mateso yao yasichanganywe na mateso mengine. Na pale msomaji anapohitaji kujua kitendo kilichotendeka, tuseme kitendo badala ya kutafuta jina.

Mwanafunzi wangu nilimrudishia karatasi yake wiki iliyofuata nikamwomba aiandike upya sentensi ile, nami nikikiri mbele ya darasa kwamba niliipitisha kwa uvivu. Alileta hii: "Wakuu wa Siam na watawala waliokuwa chini yake walimpelekea Mfalme Chulalongkorn mabinti zao, zaidi ya 150, wakae katika kasri yake, wengine walimzalia, wengi hawakumzalia, na wachache walirudi kwao." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Nilimpa alama zote.